Stoo Ndiyo Inayochagua Katheta

Ubishi wa wapi pa kupitishia katheta, ule mrija wa kupigia picha mishipa ya moyo, kinenani au kwenye kifundo cha mkono, umeshakwisha, angalau vitabuni. Mwaka 2011 utafiti wa RIVAL uliwafuata wagonjwa 7,021 wa mshtuko wa moyo na hali zinazokaribiana nao katika nchi 32. Waliopigwa picha na kuzibuliwa mishipa kupitia mkononi walipata madhara makubwa ya mshipa kwa asilimia 1.4, waliopitia kinenani asilimia 3.7. Miaka minne baadaye ukaja MATRIX, wagonjwa 8,404, na safari hii hata vifo vilipungua: asilimia 1.6 kwa mkononi, asilimia 2.2 kwa kinenani. Mwaka huohuo miongozo ya Ulaya ikautanguliza mkono, na Wamarekani wakafuata. Hapa Uganda hoja hiyo ina uzito wa ziada. Damu ya kuongezewa ni ya kutafuta, vitanda ni vya kugombea, na mgonjwa aliyetobolewa kinenani hulala chali kwa saa kadhaa wakati mwenzake wa kifundo ameshakaa anakunywa chai.

Kwa hiyo sina haja ya kuutetea mkono. Ninachotaka kukigusa ni namba nyingine ya RIVAL ambayo mashabiki wa mkono huipita mbio. Kati ya waliopangiwa kupitia mkononi, asilimia 7.6 iliwabidi wahamishiwe njia nyingine. Kwa waliopangiwa kinenani, walioshindikana walikuwa asilimia 2. Kila aliyehamishwa ametobolewa mara mbili, amepigwa eksrei zaidi, na amekaa mezani muda mrefu zaidi. Ukiuliza sababu utaambiwa mshipa ulijikaza, au kona za begani zilikuwa mbaya, au katheta ilikataa kukaa. Kona za begani ni kazi ya Mungu. Hizo nyingine mbili mara nyingi huanzia mbali na chumba cha eksrei, kwenye fomu ya kuagiza vifaa.

Nasema hivyo nikiwa mtu wa upande wa stoo, si wa upande wa waya. Daktari bingwa akinyoosha mkono na kusema "nipe ile", hawezi kupewa kisichokuwepo. Anachokiita chaguo lake, mara nyingi ni chaguo la mtu aliyejaza orodha mwaka jana, na huyo naye aliinakili ya mwaka juzi.

Kwa asiyewahi kuiona, katheta ya uchunguzi ni mrija mwembamba wa plastiki wenye urefu wa karibu mita moja, ncha yake imepindwa kiwandani kwa umbo maalumu. Kazi yake ni moja: kufika kwenye mzizi wa aota, yaani mshipa mkubwa unaotoka moyoni, kukaa kwenye mdomo wa ateri ya moyo, na kumwaga rangi ili eksrei ionyeshe palipoziba. Midomo ni miwili, wa kushoto na wa kulia, na haielekei upande mmoja. Ndiyo maana utaratibu wa kawaida una katheta mbili.

Maumbo tunayoagiza hadi leo ni ya Melvin Judkins, daktari wa picha wa Marekani, aliyeyatangaza mwaka 1967. Aliyatengeneza kwa ajili ya kinena. Kutoka kinenani katheta hupanda aota yote, huzunguka upinde wa juu, kisha huegemea ukuta wa upande wa pili na ncha kujipeleka yenyewe kwenye mdomo wa kushoto. Namba iliyoandikwa kwenye pakiti ni umbali kati ya mikunjo yake miwili: JL4, yaani Judkins ya kushoto, ni sentimita 4. Ukiingilia kifundo cha kulia, mrija unakuja kwa njia ya begani na kuingia aota karibu zaidi na moyo, kwa pembe nyingine kabisa. Ile egemeo iliyotegemewa na Judkins haipo. Ndiyo maana wanaopitia mkono wa kulia hushuka nusu sentimita na kutumia JL3.5 kwa upande wa kushoto, huku JR4, Judkins ya kulia, ikiendelea kufaa kwa ateri ya kulia kwa watu wengi.

Kinachochekesha ni kwamba mkono ulitangulia. Mason Sones wa Cleveland, aliyeanzisha upigaji picha wa ateri za moyo mwaka 1958, alikuwa akipasua ngozi karibu na kiwiko na kupitia hapo. Judkins ndiye aliyeihamishia dunia kinenani kwa sababu katheta zake zilikuwa rahisi kutumia. Lucien Campeau wa Montreal alipotangaza mwaka 1989 kwamba amewapiga picha wagonjwa 100 kupitia kifundo, na Ferdinand Kiemeneij wa Amsterdam alipoanza kuzibua mishipa kwa njia hiyo miaka michache baadaye, njia ilirudi mkononi. Orodha za kuagiza hazikurudi nayo.

Wacha nieleze siku moja ya kawaida, ya aina ambayo mtu yeyote wa kazi hii Kampala ataitambua. Mgonjwa ni mzee, mwanajeshi mstaafu kutoka Bombo, mfupi, mwembamba, ana kisukari. Mkono wa kulia umefungwa kwenye ubao, ala imeingia vizuri, yaani kile kimrija kifupi cha kupitishia vifaa kinachobaki kifundoni hadi kazi iishe. Katheta ya kwanza ni JL4, kwa kuwa JL3.5 ziliisha na nyingine ziko njiani tangu mwezi uliopita. Ncha inakaa chini ya mdomo wa kushoto, inasukumwa, inazungushwa, inavutwa, inagusa na kuteleza. Rangi inamwagika kwenye aota, picha haina maana. Inatolewa, inaingia nyingine. Waya mrefu wa sentimita 260, ule unaowezesha kubadilisha katheta huku ncha ya waya ikibaki juu karibu na moyo, nao haupo. Uliopo ni mfupi, kwa hiyo kila mabadiliko ni safari mpya kutoka kifundoni, kupita kiwiko, kupita kona ya bega.

"Afande, ulegeze mkono."

"Nimeulegeza, sista. Hapa juu panavuta. Panaungua."

Sista anamtazama daktari, daktari anaitazama skrini. Wanaongeza dawa ya kulegeza mshipa, wanasubiri, wanajaribu tena. Katheta haiendi mbele wala hairudi nyuma; ukiivuta, ngozi ya mkono inafuata. Mwishowe inatoka, mzee anatokwa jasho, na kazi inamaliziwa kinenani. Kwenye daftari inaandikwa "mshipa ulijikaza". Ni kweli ulijikaza. Ila daftari halina safu ya kuandika kwamba mshipa huo ulisuguliwa mara nne na katheta ambazo hazikutakiwa kuwa mezani.

Kujikaza kwa mshipa kuna mazoea yake. Huwapata zaidi wanawake, watu wafupi, wembamba, wenye kisukari, na zaidi ya yote huja pale katheta zinapobadilishwa-badilishwa au ala inapokuwa nene kuliko mshipa. Dawa za kulegeza mshipa, verapamili na naitrogliserini, husaidia, dawa ya usingizi mwepesi husaidia, lakini hakuna kinachosaidia kama kuingia mara chache na kitu chembamba.

Hapo unakuja unene, jambo ambalo maafisa ununuzi hulikosea kuliko lolote. Kipimo ni Frenchi, na Frenchi 3 ni milimita 1. Katheta ya Frenchi 5 ina unene wa nje wa takribani milimita 1.7, ya Frenchi 6 milimita 2. Mshipa wa kifundoni wa mtu mzima kwa kawaida una upana wa milimita 2 hadi 3, na hesabu inaonekana kukubali. Lakini ala haipimwi hivyo. Namba ya ala inataja katheta inayoweza kupita ndani yake, kwa hiyo ala ya Frenchi 6 kwa nje inavuka milimita 2.5. Mwaka 1999 Saito na wenzake huko Japani walilinganisha upana wa mshipa na unene wa nje wa ala: pale ala ilipokuwa nene kuliko mshipa, mtiririko wa damu ulipungua sana kwa asilimia 13 ya wagonjwa, pale mshipa ulipokuwa na nafasi, asilimia 4. Siku hizi kuna ala zenye ukuta mwembamba zinazopokea Frenchi 6 kwa unene wa nje unaokaribia wa Frenchi 5. Bei yake iko juu, na kwenye fomu ya zabuni inayosema tu "ala, Frenchi 6" hazitashinda kamwe.

Kwa uchunguzi peke yake, Frenchi 5 inatosha. Picha zake ni nzuri, na shinikizo la ziada wakati wa kusukuma rangi ni jambo la kuzoea. Wanaopinga husema: ukikuta palipoziba utahitaji Frenchi 6 kuweka stenti, kile kimrija cha wavu kinachoushikilia mshipa uwe wazi, basi kwa nini usianze nayo? Kwa mgonjwa aliyeletwa na mshtuko wa moyo usiku huo, nakubali, anza na 6 na katheta elekezi yake, ile ya kupitishia stenti. Lakini tuwe wakweli kuhusu mgonjwa wetu wa kawaida. Anapigwa picha, anaelezwa, anatoka na CD yake, kisha ukoo unakaa kikao kutafuta pesa za stenti. Kati ya picha na stenti kuna wiki, pengine miezi na shamba kuuzwa. Kumpanulia mshipa leo kwa ajili ya kifaa kitakachokuja baada ya mavuno ni kumwibia njia atakayoihitaji siku hiyo. Mshipa wa kifundo ukiziba baada ya uchunguzi, mara nyingi mgonjwa hajui, kwa kuwa kiganja kinapata damu kutoka mshipa wa pili. Anayejua ni yule atakayejaribu kupita hapo mara ya pili.

Sasa nije kwenye mjadala wenye kelele zaidi: katheta moja kwa ateri zote mbili. Ziko za aina kadhaa, maarufu zaidi ni Tiger ya kampuni ya Terumo, iliyopindwa makusudi kwa ajili ya mkono wa kulia. Unaingia mara moja, unapiga kushoto, unageuza kidogo, unapiga kulia, unatoka. Tafiti kadhaa zimeilinganisha na jozi ya Judkins, na nyingi zimekuta muda wa eksrei unapungua na mshipa unajikaza mara chache. Kuhusu kiasi cha rangi hazikubaliani. Kuna zilizoona kinapungua, kuna zilizoona hakibadiliki.

Ina kasoro zake. Upande wa kushoto hupenda kuingia tawi moja na kuliacha lingine likiwa na rangi hafifu, hasa shina kuu likiwa fupi. Upande wa kulia hupenda kuzama, au kuingia kwenye kitawi kidogo kinachoota karibu na mdomo, na ukisukuma rangi humo kwa nguvu moyo unaweza kupoteza mapigo yake papo hapo. Nyingine zina tundu la pembeni karibu na ncha, na tundu hilo linaweza kuficha dalili ya hatari: presha kwenye skrini inaonekana nzuri ilhali ncha imeziba mdomo. Anayefundishwa lazima aambiwe hayo kabla hajaishika.

Msimamo wangu ni huu. Kwa mkono wa kulia, katheta ya kwanza iwe hiyo ya kazi mbili, Frenchi 5, na nyuma yake JL3.5 na JR4 za Frenchi 5 za kutosha. JL4 ibaki kwa kinena na mkono wa kushoto. Amplatz, umbo jingine la katheta, chache kwa mizizi mipana na midomo iliyokaa vibaya. Basi. Najua kuna wataalamu ninaowaheshimu wanaotaka jozi ya Judkins itangulie, kwa hoja kwamba mwanafunzi ajifunze kwanza kilicho kila mahali duniani, kisha mbwembwe. Ni hoja nzuri kwa hospitali inayopiga picha mchana kutwa. Kwetu sisi, kethilabu ya Taasisi ya Moyo ya Uganda, yaani chumba cha kupitishia katheta, ilifunguliwa Mulago mwaka 2012, na meza ya namna hiyo hutumiwa pia na watoto wenye matundu ya moyo ya kuzaliwa. Idadi ya picha za ateri kwa kila daktari ni ya kugawana. RIVAL wenyewe ulionyesha kwamba faida ya mkono ilionekana zaidi kwenye vituo vinavyofanya nyingi kwa njia hiyo. Penye kazi chache, mkono wa daktari unahitaji maumbo machache anayoyajua kama njia ya nyumbani kwake, na mgonjwa anahitaji mabadiliko machache ya katheta. Katheta ya kazi mbili inatoa vyote viwili, mradi wote kwenye kituo wakubaliane kuanza nayo na wasigawanyike kila mmoja na yake.

Mkono wa kushoto nao tunausahau. Kutoka huko njia ya kuingia aota inafanana na ya kinena, kwa hiyo JL4 na JR4 zinakaa vizuri bila kupunguza namba. Utafiti wa Italia uitwao TALENT, uliotoka mwaka 2011, ulionyesha kwamba kwa uchunguzi, kushoto kulipunguza muda wa eksrei, na tofauti ilijitokeza kwa wazee na kwa madaktari wanaojifunza. Kona za bega la kulia huongezeka kwa umri, kwa ufupi wa mtu na kwa presha ya muda mrefu, na presha hatuna upungufu nayo. Halafu kuna wale waliokwenda India kupandikizwa mishipa ya kupita pembeni ya palipoziba. Wengi wao mshipa uliotumika ni ule wa ndani ya kifua upande wa kushoto, na kuufikia kutoka mkono wa kulia ni taabu ya bure. Ubaya wa kushoto ni kwamba daktari huinama juu ya tumbo la mgonjwa, na mgongo wake unalipa. Mkono ukiletwa juu ya tumbo kwa mto, taabu inapungua.

Mgonjwa wa figo ni habari nyingine. Anayekaribia kusafishwa damu, wa aina wanaojaza foleni ya hospitali ya Kiruddu, mishipa ya mikono yake ndiyo itakayotumika kumtengenezea njia ya mashine. Kabla ya kugusa kifundo chake daktari wa moyo aongee na daktari wa figo, na mara nyingi jibu litakuwa kurudi kinenani. Hapo JL4 inapata kazi yake ya asili.

Turudi kwenye pesa, maana ndiko orodha hufia. Ununuzi wa umma, tangu sheria ya 2003, unalinganisha bei ya kitu na kitu. Weka katheta ya kazi mbili karibu na JL4 moja na ya kwanza itaonekana ghali. Hesabu hiyo inalinganisha pakiti wakati kinachonunuliwa ni uchunguzi uliokamilika. JL4 ya mkono wa kulia inakuja na JR4 yake, mara kwa mara na katheta ya tatu, na rangi ya ziada, na siku mbaya na vifaa vya kinenani juu yake. Mgonjwa anayechangia gharama ndiye anayeishia kuulizwa kama ndugu wanaweza kuleta pesa za katheta nyingine, saa ambayo yeye yuko mezani. Nimeona pia kishawishi cha kuosha katheta na kuitumia tena. Kiwanda kimeandika ni ya matumizi mara moja, na ukiacha hatari ya maambukizi, ncha iliyopitishwa kwenye joto au dawa kali haishiki tena umbo ililopewa. Unabaki na mrija wenye jina la JL3.5.

Kuna njia za kuandika zabuni bila kuvunja sheria wala kutaja kampuni. Taja kazi: katheta ya uchunguzi ya Frenchi 5, iliyopindwa kwa ateri zote mbili kupitia kifundo cha kulia. Kwa ala, taja unene wa nje usiozidi kiasi fulani, usitaje namba tupu. Weka waya mrefu wa sentimita 260 kwenye mstari wake, usiuache uwe "vifaa vingine". Maumbo yasiyotoka mara kwa mara yaletwe kwa mali kauli: mwenye mali anayaacha kwenye kabati, analipwa kwa yaliyofunguliwa, na yanayokaribia kuisha muda anayabadilisha mwenyewe. Wafanyabiashara wa vifaa hivi wanaujua utaratibu huo, wanangoja tu kuombwa. Bila hivyo Amplatz zitaozea kabatini, na siku ukizihitaji utakuta tarehe imepita.

Na daftari libadilishwe. Mkono upi, katheta ya kwanza ipi, zimefunguliwa ngapi, dakika za eksrei, mililita za rangi, kifundo kilipitiwa bila ala au kwa ala ipi, mshipa wake umeziba au haujaziba siku ya kuondoka. Kipimo cha ultrasound cha mshipa kabla ya kuanza kinachukua dakika moja, na mashine yake karibu sote tunayo. Baada ya miezi sita ya daftari kama hilo, orodha ya kuagiza inajiandika, na daktari anayedai umbo lake la pekee ataonyesha kwa namba kwamba linamsaidia au atalinyamazia.

Jengo jipya la Taasisi lenye vitanda 250 limepangwa Naguru, na vyumba vipya huja na kabati tupu. Atakayejaza kabati hizo asikae peke yake ofisini na faili la zamani la Mulago. Amwite sista anayefungua pakiti, fundi wa eksrei anayehesabu dakika, na madaktari wote wanaopitia mkononi, wafungiane chumbani hadi wakubaliane katheta ya kwanza ni ipi.